Turbo Mbili Iko Muzuri, Lakini

Walikale, jioni ya kuamkia safari yako

Mapendo, mwanangu,

Desturi ya barua ni kuanza kwa kuuliza hali. Hii siwezi kuianza hivyo, kwa kuwa hali yako naisikia. Uko jikoni, upande wa pili wa ukuta huu wa mbao. Mama yako anakusuka, na nyote wawili mnacheka jambo nisilolijua. Muda mfupi uliopita niliingia humo nikisingizia kutafuta kiberiti. Mama yako akasema, "Kiberiti iko pale, pembeni ya makaa," nami kwa mazoea nikafungua kinywa kumwambia kwamba kiberiti kipo, si iko. Kabla sijatamka neno niliona kicheko kikizimika usoni pako. Nikachukua kiberiti nisichokihitaji, nikarudi mezani, nikatafuta karatasi.

Sina maagizo ya safari. Mama yako ameyatoa yote: maji ya kunywa, watu wa kuepukwa, pindo la kushonea vitambulisho. Amekufundisha hata namna ya kukaa nyuma ya motari wa pikipiki, kana kwamba nusu ya pikipiki za mji huu hazikupita mikononi mwako. Mimi nataka kuandika juu ya sentensi moja tu. Uliianza mezani petu wiki iliyopita, hukuimaliza, na aliyeikata ni mimi. Kesho unakwenda Kampala. Sitaki uondoke na nusu ya sentensi hiyo, mimi nikabaki na nusu nyingine.

Unaikumbuka jioni ile kuliko mimi. Nivumilie niisimulie hata hivyo, ili ujue nilisikia nini na sikusikia nini.

Simu yako ilikuwa katikati ya meza, kando ya sahani ya maharage na viazi na ile ya sombe, majani ya muhogo. Mjomba wako Bahati alikuwa ametuma ujumbe wa sauti kutoka kwenye karakana yake, na kama kawaida alipiga kelele, maana tangu ahamie Kampala anadhani simu ni bonde ambalo sauti lazima ilivuke kwa nguvu.

"Mapendo! Mutoto ya dada yangu! Sikia. Ile gari ya muteja iko hapa, ya viti mbili, ya kutoka Japani. Injini yake haina pistoni, inazunguka tu ka kinu ya kusaga. Turbo zake mbili zimekufa. Muteja anauliza: tuzitengeneze zile mbili, ao tuzitoe tuweke moja ya kubwa? Mimi sijui, mi ni mutu wa kabureta. Wewe njo unakuya, wewe njo utasema. Ukisema vibaya injini inapasuka, na mimi ninarudi Nyabiondo kulima maharagi!"

"Kulima?" akasema mama yako. "Na ile tumbo yake?"

Tulicheka sote watatu. Naliandika jambo hilo kwa sababu ni mara ya mwisho tuliyocheka pamoja mezani.

Nikakuomba unieleze. Nilikuomba kwa dhati, Mapendo, sikuwa nakutahini. Ukachukua kifuniko cha sufuria ukakizungusha juu ya meza. Ukasema kwamba injini ya gari lile haina pistoni za kupanda na kushuka, kama zile za malori unayoyatengeneza hapa. Ndani yake kuna kipande cha chuma chenye pembe tatu, kinachozunguka chumbani mwake huku pembe zake zikigusa ukuta daima. Turbo, ulisema, ni feni mbili ndogo kwenye mhimili mmoja: moshi unaotoka katika injini huzungusha moja, nayo nyingine husukuma hewa ndani ya injini ili ipate nguvu zaidi. Ukaweka harage moja upande huu wa kifuniko na harage la pili upande ule. Ukayaita mapasa, kwa neno letu la hapa la watoto pacha, lakini mapasa wasioamka pamoja. Harage la kwanza huamka mapema, injini ikiwa bado inakwenda polepole. La pili huja kusaidia mbio zikizidi. Kisha ukayaondoa yote mawili, ukaweka mahali pake kiazi kimoja kikubwa. Hiyo ndiyo ilikuwa turbo moja.

Uso wako ulikuwa umechangamka namna ambayo sikuwa nimeiona siku nyingi. Nikauliza, "Kwa hiyo, ipi ni bora?"

Ukasema, "Turbo mbili iko muzuri, Papa, lakini…"

Nikasema, "Ni nzuri."

Ukanitazama.

"Turbo mbili ni nzuri," nikasema. "Iko ni neno la mahali. Mtu aliyemaliza shule hasemi iko muzuri."

"Umuache aseme, wewe!" akasema mama yako.

Ukasema, "Njo, Papa," ndiyo yetu ya hapa. Ukayaokota maharage yale mawili, ukayarudisha kwenye sahani, ukachukua kifuniko, ukaenda kuosha vyombo. Nilibaki nikingoja. Nilidhani utarudia sentensi yako kwa usahihi, kisha uendelee, kama walivyofanya wanafunzi wangu miaka yote. Kiazi kilibaki mezani. Mama yako akakila, akinitazama kwa namna ambayo mume hahitaji kufafanuliwa.

Tangu siku hiyo kila ninachokuambia unakijibu "njo, Papa". Nikikuuliza kama umepata motari wa kukufikisha Kibua, njo, Papa. Nikikuuliza kama una hofu, njo, Papa. Ni jibu lisilo na kosa la kusahihishwa, nami nimetambua kwamba ndiyo sababu umelichagua.

Sasa nikuambie habari ya nyanya yako, mama yangu, ambaye hukumfahamu. Umenisikia nikimsifu kwa bidii ya shamba. Hili sijakusimulia, si kwa kulificha, bali kwa kuwa nilidhani ni habari yangu na yake tu.

Nilikuwa nasoma katika shule ya bweni milimani, mbali na Nyabiondo. Siku moja wakati wa mapumziko alitokea uwanjani, miguu yote tope, na kifurushi cha maharage yaliyopikwa, kimefungwa kwa jani la mgomba. Alikuwa ametembea njia nzima kwa miguu. Wavulana walikuwa wengi, sare zetu zilikuwa moja, na macho yake hayakuwa mazuri tena. Akasimama katikati yao akauliza kwa sauti kubwa, "Mutoto wangu iko wapi?"

Nilikuwa karibu naye kuliko ulivyo karibu nami sasa. Nilikuwa wa kwanza darasani katika lugha, na kila mvulana pale alilijua hilo. Nikasema, "Yuko, Mama. Mtoto ni mtu. Husemwa: mtoto wangu yuko wapi."

Wavulana wakacheka. Mama yangu alinitafuta kwa macho mpaka akaniona. Akasema, "Aa. Yuko." Akanikabidhi maharage.

Aliuliza nilipo, Mapendo. Mimi nikamjibu namna ya kuuliza.

Hakukasirika, kama ninavyomjua. Lakini tangu hapo hakusema nami Kiswahili tena. Alisema nami Kihunde, lugha ambayo ndani yake yeye ndiye aliyekuwa mwalimu na mimi ndiye niliyejikwaa. Alisema nami Kihunde nilipooa, alisema nami Kihunde ulipozaliwa, alisema nami Kihunde mara ya mwisho nilipoagana naye. Wengine wote aliwasemesha Kiswahili chake, nami nilikuwa nakisikia nikiwa chumba cha pili, kama ninavyokusikia wewe sasa. Kilikuwa na mwendo wa kupanda na kushuka, kama njia za mashamba ya kule. Ningetoa vitabu vyangu vyote vya sarufi nisikie akiniuliza tena, kwa kosa lile lile, niko wapi.

Kesho pikipiki itapita chini ya shamba alikozikwa, ukishaiacha Kibua na kuingia Nyabiondo. Sikuagizi usimame. Nakuambia tu kwamba ni upande wa kushoto.

Njia hiyo umewahi kuipita, ukielekea upande wa huku. Tulipohamia Walikale ulikuwa mtoto mdogo, tukapanda juu ya lori la magunia. Kwenye mwinuko kabla ya Kibua lori likawa linakwenda polepole kiasi kwamba watu wa miguu walitupita wakitutania. Mama yako alikuwa amelala. Mimi nilikuwa nimeamua kuitumia vema safari, kwa hiyo nilikuwa nakufundisha ngeli za majina: mtu, watu, mti, miti, kiti, viti. Wewe ulikuwa umelaza sikio kwenye ubao wa lori. "Papa, sikia," ukasema. "Inalia ka katoto." Nikakuambia uendelee: kisu, je? Ukasema, "Papa, sikia." Kwa kweli kulikuwa na mluzi, mwembamba, uliopanda kila dereva alipokanyaga, ukashuka alipoachia. Tulipofika juu tukapumzika, ukashuka ukamwendea dereva, ukamshika suruali, ukamuuliza ni nini kinacholia. Akainama kwako kwa heshima kabisa. "Ile ni turbo, mama mudogo."

Ukarudi ukilirudia neno hilo njia nzima. Turbo, turbo, turbo. Ni neno la kwanza ulilojifunza mbele yangu ambalo sikukufundisha mimi. Wakati ule lilinichekesha. Baadaye, ulipomaliza shule na kukataa kwenda kusomea ualimu, halikunichekesha tena. Unajua nilivyosema ulipoanza kazi kwa fundi Faustin: kwamba nimelea mwanafunzi, karakana imenirudishia harufu ya mazutu, mafuta ya malori. Uliniletea sabuni ya kufulia, ukaiweka juu ya meza yangu, ukasema, "Hii njo ya kuosha pua, Papa." Nilikasirika siku nzima. Leo nikikumbuka nacheka peke yangu, na nasikitika kwamba ulikuwa na ulimi wa namna hiyo kwangu nami nikaufunga.

Juzi nilikwenda kwa Faustin. Huenda amekuambia; kama amenyamaza, basi ana adabu kuliko nilivyodhani. Aliponiona mlangoni aliwaita vijana wake. "Muache kazi! Mwalimu amekuya kusahihisha spana!"

Nikamwambia nataka kushika turbo. Akanitazama kuona kama ninaumwa. Kisha akaniletea moja, ya lori, iliyofunguliwa. Nilidhani feni zake zitakuwa nzito, kwa kuwa chuma chenyewe ni kizito. Nilizigusa kwa ncha ya kidole, zikazunguka, zikaendelea kuzunguka nilipokwisha kuondoa kidole. Nilizitazama mpaka ziliposimama.

Nikamwuliza kwa nini turbo kubwa huchelewa. Alijibu bila mzaha. "Mwalimu, turbo inageuka na moshi. Moshi kidogo, turbo kidogo itageuka. Ya kubwa inangojea moshi mingi. Unakanyaga, inakuangalia kwanza. Kiisha inakuya yote mara moja, na kama mikono yako haikujitayarisha, uko mu mufereji."

Nikamwuliza basi yeye angechagua ipi kwa lile gari la Kampala. Akasema hawezi kujua gari asiloliona, na kwamba binti yangu anajua. "Hakukuambia?"

Nilisema hapana. Nilirudi nyumbani kwa miguu, nikapitia sokoni ili nichelewe kufika.

Jana ulipokwenda kuaga kanisani, nilimwuliza mama yako. Nilimwuliza moja kwa moja: baada ya "lakini" kulikuwa na nini? Alikuwa anachambua sombe, hakuinua kichwa.

"Sasa njo unauliza?"

"Sasa ndipo ninapouliza."

"Eh! Mume wangu iko turbo moja ya kubwa," akasema. "Unamukanyaga leo, anaitika kesho kutwa."

Nikamwambia, kwa heshima, kwamba mtu si turbo. Sipendi mifano, unajua. Mwanafunzi asiyeweza kueleza jambo hukimbilia mfano. Lakini huo ulinikaa, Mapendo, na haujatoka. Maana ni kweli kwamba nimekuja, na nimekuja na yote kwa mara moja, nawe kesho unaondoka.

Ndipo akaniambia. Ulitaka kusema: turbo mbili iko muzuri, lakini ile gari itakuwa inatembea fasi gani, yaani mahali gani? Akanieleza kwa vidole vyake vyenye majani, kama ulivyomweleza wewe. Kama mteja huyo anaendesha mjini, penye milima na msongamano, penye kusimama na kuondoka, basi mbili, kwa kuwa ya kwanza huamka mapema na gari haliwi zito kila linapoondoka. Lakini mbili zina mipira myembamba ya hewa mingi kama matumbo ya mbuzi. Mmoja ukipasuka fundi hutafuta siku nzima, na joto chini ya kifuniko cha injini ni kali. Kama anaendesha barabara ndefu, au katika mashindano ambako injini haipumziki, basi moja kubwa, yenye mipira michache na nguvu nyingi mbio zikizidi. Na kwa vyovyote vile injini hiyo haivumilii kosa: hewa ikizidi na petroli ikapungua, zile pembe tatu huvunjika, na injini imekwisha. Kwa hiyo hakuna jibu kabla ya kujua gari litakuwa wapi.

Kisha mama yako akasema jambo lililonifanya nikae kitako. Alisema kwamba swali hilo hukutaka kumwuliza mjomba wako. Ulitaka kuniuliza mimi. Mteja yule ni mtu wa pwani, mwenye mali, na alikwisha kucheka Kiswahili cha mjomba wako mbele ya vijana wa karakana. Unaogopa kwamba ukimwuliza kwa namna yetu ya hapa atakusikia unavyosema, asisikie unachosema. "Alitaka umutengenezee ile swali," mama yako akasema. "Mu Kiswahili yako ya buku. Akaseme papa yangu njo alinifundisha."

Ulikuwa unakuja kwangu, Mapendo. Ulikuwa unakuja kuomba kitu kile kile nilicho nacho, kitu pekee nilicho nacho cha kukupa, nami nikakupiga nacho mkononi ulipounyoosha.

Nimelifikiria neno lile, iko, tangu jana. Nimelisahihisha maisha yangu yote. Nimewaambia watoto wa Nyabiondo na wa Walikale kwamba neno ni husema kitu ni nini, na neno iko husema kitu kiko wapi, na kwamba anayesema iko muzuri anachanganya sifa na mahali. Sarufi yangu haikukosea, na ninyi nyote mtaendelea kuandika nzuri katika karatasi zenu za shule mradi mimi niko hai. Lakini katika habari ya turbo zako, sifa na mahali ni jambo moja. Turbo mbili si nzuri. Turbo mbili ni nzuri mahali fulani. Uliposema iko muzuri, halafu ukasema lakini, ulikuwa tayari unauliza ni wapi. Neno lako lilikuwa limelibeba swali ndani yake, nami nikalitoa neno na swali likaanguka nalo. Sijui kama nyanya yako na mama yako na watu wote wa milima hii walilijua hilo waliposema iko. Sidhani. Lakini safari hii kosa lenu lilisema kweli kuliko usahihi wangu.

Basi hili hapa swali lako. Nimeliandika, nikalifuta, nikaliandika tena, maana nilitaka liwe na adabu bila kupiga magoti:

"Bwana, kabla sijakushauri, naomba kujua: gari hili utaliendesha wapi, na kwa namna gani?"

Liseme polepole, ukimtazama. Usiongeze kitu baada yake. Watu wenye haraka watataka ujibu kwanza; mjomba wako, kwa upendo wake na kelele zake, atakuwa wa kwanza kukusukuma. Usijibu. Mimi nimeishi kwa kujibu upesi, na umeona nilichovuna: mezani petu kila mtu anajua neno sahihi na hakuna anayelitamka. Kaa na lakini yako mpaka mtu akuambie ni wapi.

Na akikucheka? Nimelifikiria hilo pia. Akicheka sentensi hii, mjinga ni yeye, kwa kuwa haina kosa. Lakini huenda siku nyingine utasahau, injini itakuwa inawaka na mikono yako imejaa, utamwuliza kama unavyouliza hapa: gari itatembea fasi gani? Nalo pia ni swali kamili. Akilicheka, mwache acheke mpaka amalize, kisha ulirudie vile vile. Mimi niliyekufundisha lile la kwanza ndiye ninayekuambia.

Wameanza tena kucheka jikoni, yaani ninyi. Sasa nasikia mama yako anakuigizia mjomba wako na tumbo lake. Mvua imeanza juu ya mabati na imenifunika nusu ya maneno. Nimesogeza kiti karibu na ukuta. Mzee mzima, mwalimu, naegemeza sikio kwenye ubao kama mtoto juu ya lori la magunia.

Nikuambie jambo la mwisho la sarufi, kisha nikuache. Nilikufundisha kwamba mtu aliye mahali panapojulikana, hapa karibu, yupo. Aliye mbali, mahali tusipopaona, yuko. Aliye ndani, yumo. Ulizikariri ukiwa mdogo ukiruka kamba: yupo, yuko, yumo. Nilidhani nakufundisha viambishi. Sikujua nakufundisha maisha yangu ya kesho. Usiku huu bado yupo. Nasikia miguu yake sakafuni. Kesho majirani wataniuliza nami nitasema yuko, na sitakuwa na kosa. Hilo la tatu sitamwambia mtu, lakini wewe unajua pa kulitia.

Barua hii nitaiweka katika mfuko wako wa spana, kwa kuwa begi la nguo mama yako ameshalifunga na kulifungua na kulifunga. Ukiisoma usinijibu kwa karatasi. Utaandika kwa uangalifu, utafuta, utachagua maneno yasiyo na hatari, nami nitapokea "njo, Papa" iliyovaa sare. Nitumie sauti. Washa simu karibu na gari lile, ukiwa umechafuka, uniambie kila kitu kwa mdomo wako mwenyewe, na turbo ikilia uniache niisikie mpaka mwisho. Nitaisikiliza nikiwa peke yangu, nitairudia, na sitashika kalamu.

Nami nikipona aibu nitakutumia yangu. Nimejaribu kuitamka hapa mezani, taratibu, mama yako asisikie. Imenitoka vibaya mara ya kwanza, kwa kuwa ulimi wangu umezoea vingine. Mara ya pili ilitoka kama alivyoisema mama yangu uwanjani pale, na maharage mkononi. Utafungua simu yako huko Kampala utamsikia mzee mmoja wa Walikale akiuliza, "Mutoto wangu iko wapi?"

Usinisahihishe.

Papa